Kuona Bila Kuonana: Sura za Watu Mashuhuri Juu ya Majalada

Katika Kiswahili neno sura lina maana zaidi ya moja. Sura ni uso wa mtu. Sura ni umbo la jambo. Na sura ni fungu la kitabu, lenye mwanzo na mwisho wake. Tunapoyatazama majarida yaliyotandazwa juu ya meza ya muuza magazeti, tunaiona sura kwa maana ya kwanza tu, na aghalabu ni uso ule ule tuliouona mwezi uliopita na mwaka uliopita. Sura kwa maana ya fungu la habari imo ndani ya kurasa, na si kila atazamaye jalada huifikia. Katika insha hii tunakusudia kuuliza swali linaloonekana dogo: mtu ambaye uso wake umetokea juu ya majalada mara nyingi kuliko wenzake, amepewa kitu gani? Na sisi tumtazamao, je, tunadaiwa naye chochote?

Hesabu zenyewe zinajulikana. Katika jarida la Time la Marekani, lililoanza mwaka 1923 (mwaka ule ule lilipoanza Mambo Leo hapa kwetu Tanganyika), aliyetokea juu ya jalada mara nyingi kuliko binadamu mwingine yeyote ni Richard Nixon: mara 55. Katika Sports Illustrated, jarida la michezo la nchi hiyo hiyo, kinara ni Michael Jordan, mchezaji wa mpira wa kikapu, kwa mara zipatazo 50. Katika People, lililotoka kwa mara ya kwanza Machi 1974, kinara ni Diana, aliyekuwa mke wa mrithi wa ufalme wa Uingereza, na yeye alitokea zaidi ya mara 50. Wa kwanza alipigiwa kura, wa pili alishinda uwanjani. Huyu wa tatu hakupigiwa kura wala hakushindana na mtu. Kilichowekwa juu ya jalada kilikuwa maisha yake, na kwa hiyo ndiye atakayetushughulisha zaidi.

Ni rahisi kuzisoma hesabu hizi kama tusomavyo msimamo wa ligi ya mpira, kwamba wa kwanza ndiye bora na wa pili anamfuata. Vijana wetu wabandikao picha hizi katika kuta za mabweni huzisoma hivyo, na si wao peke yao. Lakini msimamo huu hauna kanuni ya ligi. Katika zile mara 55 za Nixon zimo za ushindi wake, na zimo pia za kashfa ya Watergate, iliyomlazimu kuuacha urais mwezi wa Agosti 1974. Fedheha ilimwongezea idadi kama ushindi ulivyomwongezea. Picha ya mhalifu anayesakwa hubandikwa ukutani kama ibandikwavyo picha ya mgombea uchaguzi, na gundi haibagui.

Wenye jarida hilo hawakulificha jambo hili. Tangu mwaka 1927 wamekuwa wakimtaja kila mwaka mtu aliyeathiri mno mambo ya dunia, kwa kheri au kwa shari, na kwa mwaka 1938 walimtaja Adolf Hitler. Watu wengi hudhani hiyo ilikuwa tuzo, haikuwa. Ajabu ni kwamba juu ya jalada la toleo hilo hawakuweka taswira ya uso wake kama ilivyokuwa desturi yao. Waliweka mchoro wa mtu mdogo aketiye mbele ya kinanda kikubwa cha kanisani, na juu yake gurudumu lililotundikwa maiti. Yaelekea walihisi kwamba kuuonyesha uso wa mtu ni kumpa kitu fulani, hata ikiwa maneno yaliyoandikwa ndani yanamlaani.

Hapa kwetu tuna mfano ulio karibu zaidi. Machi 1964 Mwalimu Julius Nyerere alitokea juu ya jalada la Time. Machi 1977, baada ya miaka 13, alitokea Idi Amin. Mpaka mwekundu uliozizunguka picha zote mbili ni ule ule, na bila shaka karatasi ilikuwa ya namna moja. Mwaka 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni yalimwondoa Amin madarakani, na kila mwenye umri wa kukumbuka vita vile vya Kagera anajua tofauti ya watu wawili hawa bila ya kuuliza gazeti. Mtu aliyekaa mbali, asiyeijua habari ya Butiama wala ya Kampala, angewezaje kuijua tofauti hiyo kwa kutazama fremu tu? Asingeweza, na wala fremu haikukusudiwa kumfundisha.

Basi kama idadi ya majalada si kipimo cha ubora wa mtu, ni kipimo cha nini? Jibu limo katika biashara yenyewe. Muuza magazeti hurudisha nakala zisizonunuliwa, na mhariri huzihesabu. Uso uliorudi kwa wingi hauwekwi tena. Uso ulioisha mezani huitwa tena upesi. Richard Stolley, mhariri wa kwanza wa People, aliacha kanuni iliyokaririwa na wahariri wenzake kwa miaka mingi: kwamba kijana huuza kuliko mzee, mzuri kuliko asiye mzuri, tajiri kuliko maskini, mwanasiasa hukaa mkiani, na hapana auzaye kuliko mtu mashuhuri aliyekufa. Kanuni hiyo inatisha, lakini tusimtupie lawama Stolley peke yake. Yeye hakuitunga kutoka kichwani mwake, bali aliisoma katika daftari la mauzo. Na daftari la mauzo ni maandishi yetu sisi wanunuzi.

Wahenga wamesema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya soko ambamo mnunuzi huitikisa nazi sikioni asikie maji yake, au hulibonyeza embe kwa kidole. Uso uliochapwa hautikisiki wala haubonyezeki. Wapo pia watakaotukumbusha habari ya mkakasi, mzuri kwa nje ilhali ndani ni kipande cha mti. Methali hiyo humwonya mtazamaji asidanganyike, na ni onyo jema. Ila humwangalia mtazamaji tu. Mkakasi hauumii ukitazamwa sana. Mtu huumia.

Hapa lugha yetu yatupa msaada ambao hatuna budi kuutumia. Kiswahili hutenga kuona na kuonana, kujua na kujuana. Mwanafunzi mwenye shida hasemi kwamba anakwenda kumwona mkuu wa shule kama aonavyo mlima. Anakwenda kuonana naye. Marafiki wanaoachana njiani huagana kwa kusema “tutaonana”. Kiambishi hicho kidogo, -an-, kinadai pande mbili: nikuone nawe unione, nikujue nawe unijue. Ndani yake zimo haki na wajibu.

Tazama umaarufu wa mtaani. Fundi mwenye jina, mwimbaji wa taarabu, nahodha wa timu ya mtaa, wote ni watu mashuhuri katika eneo lao. Lakini apitapo mtu kama huyo, watoto humwamkia shikamoo, naye huitika marahaba akijua huyu ni mtoto wa nani. Akikosekana msibani huulizwa. Akijivuna husutwa, na mwenye kumsuta ana jina na nyumba yake inajulikana. Umaarufu huo una adha nyingi, hatukatai, na mara nyingine jicho la mtaa ni kali kuliko jicho la kamera. Lakini ni wa kujuana. Atazamaye naye hutazamwa, na jambo hilo humtia adabu.

Umaarufu wa jalada ni wa upande mmoja. Mamilioni waliijua tarehe ya harusi ya Diana, 29 Julai 1981; walizijua nguo zake, maradhi yake, na ugomvi wa ndoa yake hadi talaka ya mwaka 1996. Yeye hakumjua hata mmoja wao. Walimwona, hawakuonana. Alipofariki, watu waliangua vilio barabarani kama waliofiwa na ndugu, na wengine wakawacheka kwa kulia mtu wasiyemjua. Sisi hatuwacheki, machozi yale yalikuwa ya kweli. Mashaka yetu ni mengine, kwamba ulikuwa upendo usio na wajibu. Ampendaye jirani yake atampisha apite, atanyamaza akimwona ana majonzi, na atafunga dirisha asisikie ya chumbani mwake. Mpenzi wa uso wa jalada hakuwa na dirisha la kufunga. Kila alipopenda zaidi alinunua zaidi, na kila aliponunua, mpiga picha mwingine alipewa nauli.

Habari ya mwisho wake inajulikana. Usiku wa kuamkia 31 Agosti 1997, mjini Paris, gari lake lilikuwa likifuatwa na wapiga picha likagonga nguzo ndani ya njia ya chini ya ardhi. Alikuwa na umri wa miaka 36. Katika mazishi yake mdogo wake wa kiume alikumbusha kwamba Diana ni jina la mungu wa kike wa uwindaji katika hadithi za kale, naye aliyeitwa kwa jina hilo aligeuka kuwa mwindwa. Mwaka 2008 baraza la uchunguzi mjini London lilitoa uamuzi kwamba kifo hicho kilisababishwa na uzembe mkubwa wa dereva, aliyekuwa amekunywa pombe, na wa madereva wa vyombo vilivyokuwa vikilifuata gari hilo. Sheria iliishia hapo, na ilipasa iishie hapo, kwa maana mahakama haiwezi kumshitaki mnunuzi wa jarida katika duka la Chicago.

Lakini maadili hayaishii pale sheria inapokoma. Mnunuzi yule alilipa senti chache. Haba na haba hujaza kibaba, na methali hiyo huwa twaifundisha tunapohimiza akiba. Hatujazoea kuitumia kwa kibaba cha ubaya. Je, kosa likigawanywa kwa watu milioni 10, fungu la kila mmoja linakuwa dogo hata likatoweka? Wako wanaofikiri hivyo. Sisi hatuoni hivyo, kwa sababu moja nyepesi: fedha zile zilipokusanyika hazikutoweka. Zilinunua pikipiki na kamera na ziliwakesha watu mbele ya mlango wa hoteli. Kitu kilichotosha kutenda kazi kubwa namna hiyo hakiwezi kuwa kiliundwa na mafungu yasiyokuwapo.

Itasemwa kwamba mwenyewe alipenda kutazamwa. Hoja hii ina ukweli ndani yake, na haifai kuipuuza. Diana aliijua nguvu ya uso wake na aliitumia, mara nyingine kwa kujitetea tu. Lakini tazama pia alivyoitumia Aprili 1987 mjini London, alipompa mkono bila ya glavu mgonjwa wa UKIMWI mbele ya wapiga picha, wakati ambapo watu wengi waliogopa hata kuketi karibu na mgonjwa kama huyo. Januari 1997 alikwenda Angola akapita katika uwanja uliotegwa mabomu ya ardhini, amevaa kinga ya uso na kifua. Wapiga picha walimfuata yeye, hawakufuata mabomu. Lakini picha ilipotoka, mabomu yalikuwa ndani yake, na watoto waliokatika miguu walikuwamo. Mwezi wa Desemba mwaka huo mkataba wa kupiga marufuku mabomu hayo ulitiwa saini Ottawa, yeye akiwa amekwisha kufa. Mkataba ule ulikuwa na waasisi wengi waliofanya kazi miaka mingi bila ya kuonekana, na si haki kumpa yeye peke yake sifa hiyo. Hata hivyo alifanya jambo ambalo wao hawakuweza: aliukopesha uso wake kwa watu ambao dunia haikuwa na haja ya kuwatazama.

Yapasa tukumbuke pia kwamba umaarufu si lazima uwe wa uso. Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja, alikwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika sahani za santuri, na sahani hizo zikaenea pwani yote. Wengi walioinunua sauti yake hawakuwahi kumtia machoni. Walipotokea wa kumkejeli kwa nasaba na sura yake, alijibu kwa wimbo, akiweka akili na mwenendo mbele ya uzuri wa uso. Na Shaaban Robert alipoandika wasifu wake hakuhitaji kutuonyesha mrembo. Kadhalika washairi wetu walioandika magazetini wengi walijificha nyuma ya lakabu. Sudi Andanenga alijiita Sauti ya Kiza. Ni jina la ajabu kwa mtu mashuhuri, kana kwamba anatuambia: nisikilizeni, msinitafute. Mashairi yake yalijibiwa kwa mashairi, ubeti kwa ubeti, na wajibizanao walijuana vizuri hata ikiwa hawakuonana kwa macho.

Siku hizi majarida mengi ya karatasi yamepungua nguvu, na baadhi yamekufa. Jalada limehamia katika simu ya mkononi, na kila mwanafunzi mwenye simu amekuwa mpiga picha, mhariri na muuza magazeti kwa pamoja. Mwenzake akianguka uwanjani au akilia darasani, picha huenda mbio hata mikoani kabla mwenyewe hajanyanyuka. Aliyeanguka hakuomba umaarufu huo. Na atakayepeleka mbele picha hiyo husema kuwa yeye ni mmoja tu kati ya mamia, hoja ambayo tumekwisha kuipima hapo juu. Mwalimu anayetaka kuwafundisha vijana somo la utu hana haja ya kwenda Paris kutafuta mfano.

Je, tuseme basi kwamba nyuso zifunikwe zote? Hapana, maana kuna dhulma nyingine iliyo kinyume cha hii, nayo ni dhulma ya kunyimwa uso. Jarida la mitindo la Vogue lilianza Marekani mwaka 1892. Mwanamke mweusi wa kwanza kuwekwa juu ya jalada la toleo la Marekani alikuwa Beverly Johnson, mwezi wa Agosti 1974. Ilichukua miaka 82. Katika muda wote huo msichana mweusi wa Marekani aliyesimama mbele ya meza ya magazeti alijifunza, bila ya kuambiwa na mtu, kwamba uzuri ni wa wengine. Ndiyo maana John H. Johnson alipoanzisha Ebony mwezi wa Novemba 1945, majalada yake yalikuwa na maana kubwa kuliko biashara, ingawa yalikuwa biashara pia na yalimtajirisha. Watu waliyaweka sebuleni mgeni ayaone. Ukuta wa bwenini nao huenda una habari kama hiyo, na mwalimu asiharakishe kuubandua kabla hajamwuliza aliyeubandika anaona nini pale.

Kwa hesabu tupu, aliyewapita mbali Nixon, Jordan na Diana katika jarida moja ni Oprah Winfrey, kwa kuwa jarida lilikuwa lake. Lilianza mwaka 2000, na kwa miaka 20 kila toleo lilikuwa na uso wake juu ya jalada, mara chache pamoja na mgeni. Tunakiri kuwa jambo hilo lilituchekesha kidogo: mtu kujiweka mwenyewe juu ya meza kila mwezi kama muuza maandazi asiyekuwa na bidhaa nyingine. Lakini toleo la Septemba 2020 lilitoka bila ya uso wake. Mahali pake palikuwa pa Breonna Taylor, mfanyakazi wa hospitali mwenye umri wa miaka 26, aliyepigwa risasi na polisi nyumbani kwake mjini Louisville mwezi wa Machi mwaka huo. Hakuwa mtu mashuhuri. Alipokuwa hai hakuna mhariri ambaye angemtafuta. Msanii kijana, Alexis Franklin, ndiye aliyeichora taswira ile, na aliichora kutokana na picha ambayo Breonna alikuwa amejipiga kwa mkono wake mwenyewe, akitazama mbele.